Kodi ya miezi sita Mwanza: mbunge ameuliza, waziri amejibu, mpangaji bado yuko mlangoni



Kila ukikaribia mwezi wa Oktoba, vijana wetu wanapofunga mizigo kwenda vyuoni Bara, maswali yanayotufikia kutoka kwa wazee wa Unguja na Pemba huwa na sura moja. Kijana amepata nafasi Mwanza. Chuo kiko Nyegezi au Bugando, mabweni yamejaa, dalali amemuonesha chumba Malimbe, Mkolani au juu ya mawe ya Bugarika, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wengine hudai ya mwaka mzima. Mzee anauliza mambo mawili: je, sharti hili ni halali? Na ikiwa kuna dhulma ndani yake, mtu ashitaki wapi? Ndugu zetu wa Ukerewe na Ukara, ambao mjini kwao ni Mwanza hiyo hiyo, huuliza vilevile kwa ajili ya watoto wao wa skuli na wagonjwa wao wanaohitaji kukaa karibu na hospitali.

Swali la kwanza tutalijibu huko mbele, In shaa Allaah. La pili ni la Bunge, nalo ndilo linalotusumbua zaidi, kwa sababu limeulizwa Dodoma mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyojua.

Tuanze na hesabu. Tuseme chumba ni shilingi elfu hamsini kwa mwezi. Miezi sita ni laki tatu. Dalali naye kwa kawaida hudai kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo kijana anatakiwa kuwa na laki tatu na nusu mkononi kabla hajanunua godoro wala ndoo. Mzazi mwenye mshahara wa mwezi hana fedha hizo mara moja. Anakopa, anauza mbuzi, au anavunja kibubu cha harusi ya dada yake. Baada ya hapo bomba likikauka au paa likivuja mwezi wa pili, kijana hana la kufanya, maana fedha yake yote iko kwa mtu mwengine tayari. Kulipa mwezi kwa mwezi humuachia mpangaji nguvu ya kusema "sitaki tena, nahama". Kulipa miezi sita humuondolea nguvu hiyo siku ya kwanza. Hapa ndipo ilipo shida, zaidi hata ya ukubwa wa fedha yenyewe.

Kuna watu wanaodhani hali imekuwa hivi siku zote. Sivyo. Tanzania Bara ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, toleo la mwisho likiwa la mwaka 1984. Sheria hiyo ilikuwa na kiwango cha kodi, na ilikuwa na baraza lake ambako mpangaji angeweza kwenda kulalamika. Mwaka 2005 Bunge likaifuta, na masuala ya upangishaji yakahamishiwa kwenye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, sehemu inayohusu mikataba ya kukodisha. Sehemu hiyo si mbaya kwa anayekodisha ghorofa au ghala, kwani ina habari za notisi, na za haki ya mpangaji kukaa kwa utulivu bila ya kubughudhiwa. Ila inaruhusu mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo ufanyike kwa mdomo tu, na haikuweka ukomo wa kodi ya kulipwa kabla. Vyumba vya Kirumba, Igogo, Mabatini na Nyakato karibu vyote vinaingia humo.

Tuwe waadilifu. Kufutwa kwa sheria ya 1984 kulikuwa na sababu yake. Serikali ikipanga bei ya kodi chini mno, watu huacha kujenga, na waliokwishajenga huacha kukarabati. Mwanza inakua kwa kasi; kwa sensa ya 2022 wilaya za Nyamagana na Ilemela pekee zina zaidi ya watu milioni moja, na nyumba nyingi wanamokaa hazikujengwa na Serikali wala na kampuni. Zimejengwa na mwalimu mstaafu, mvuvi, mama muuza dagaa, chumba baada ya chumba. Huyu naye ana haki zake, na wapo wapangaji wanaohama usiku na kuacha deni la miezi mitatu. Mwenye nyumba aliyekwisha kutendwa hivyo mara mbili utamlaumu vipi akitaka fedha yake mbele? Lakini mwaka 2005 kiliondolewa kiwango cha kodi, na pamoja nacho likaondoka baraza. Kiwango kilikuwa na kasoro. Baraza lilikuwa linahitajika, na linahitajika mpaka leo.

Leo mpangaji mwenye mgogoro anaweza kwenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Pakishindikana, mtu huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo pia linabeba migogoro ya viwanja, mashamba na mirathi ya majumba. Kijana wa chuo anayedai kurudishiwa laki moja na nusu ya miezi mitatu ambayo hakuikaa atafungua shauri huko, akiwa na mkataba wa mdomo? Nauli ya kwenda kusikilizwa kila tarehe inapoahirishwa itaipita fedha anayoidai.

Haya wabunge wameyaona, na wameuliza. Kwa asiyejua taratibu: kila siku ya kikao Bunge huanza na kipindi cha maswali, mbunge huuliza swali lake la msingi, waziri au naibu wake hujibu, kisha mbunge hupata nafasi ya maswali ya nyongeza. Siku ya Alhamisi huulizwa Waziri Mkuu mwenyewe. Swali la kodi ya miezi sita na la kodi zinazotajwa kwa dola yamerudi humo awamu baada ya awamu. Kwa kipindi kirefu mmoja wa waliokuwa upande wa kujibu alikuwa mtu wa Mwanza, Mheshimiwa Angeline Mabula, Mbunge wa Ilemela. Alikuwa Naibu Waziri wa Ardhi chini ya William Lukuvi, akawa Waziri kamili tangu Januari 2022 hadi Agosti 2023. Akafuata Jerry Silaa, kisha Deogratius Ndejembi. Mawaziri wakabadilika, na jibu likabaki karibu lile lile: Serikali inaandaa sheria ya kusimamia sekta ya milki, na itakapokuwa tayari italetwa bungeni. Bunge la 12 likamaliza muda wake mwaka 2025 sheria hiyo ikiwa haijapitishwa.

Suala la dola, kwa haki, limepiga hatua. Mwezi Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza kutaja bei na kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Alhamdulillaah. Lakini anayetozwa kodi kwa dola huwa ni mwenye duka mjini kati au mkaazi wa ghorofa. Mpangaji wa Igoma hajawahi kudaiwa dola. Yeye anadaiwa miezi.

Kuna jambo jengine ambalo ndugu zetu wa Unguja na Pemba huenda hawalijui, kwa sababu sisi tunatumia TUKUZA na wenzetu wa Bara wanatumia LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo Bara inakatwa ndani ya umeme. Ilianza kwa shilingi elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na elfu tano kwa kila ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda kuwa elfu moja na mia tano na elfu saba na mia tano. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo. Anayenunua umeme ni mpangaji. Wabunge walipohoji, maelezo ya Serikali yalikuwa kwamba mpangaji aelewane na mwenye nyumba wake ili arudishiwe au akatiwe kwenye kodi ya pango.

Aelewane vipi? Huyo ndiye aliyekwishalipa miezi sita mbele, hana stakabadhi, hana mkataba wa maandishi, na anaogopa kuambiwa "tafuta kwengine" muda ukiisha. Elfu moja na mia tano ni kidogo, wengi huinyamazia. Sisi hatuoni kuwa ni jambo dogo. Mlango wa mpangaji maskini ulipohitajika kwa ajili ya kukusanya kodi, ulipatikana ndani ya mwaka mmoja wa fedha, kwa sheria iliyopita bungeni na mfumo uliofungwa kwenye kila mita. Ulinzi wa mpangaji huyo huyo unasubiri tangu 2005. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Dkt. Mwigulu Nchemba, ambaye tangu Novemba 2025 ni Waziri Mkuu. Kwa maana hiyo ndiye anayeulizwa siku za Alhamisi, na swali la nani anapaswa kuibeba kodi ya majengo ndani ya nyumba ya kupanga analifahamu vizuri kuliko wengi.

Kwenye maji mambo yako hivyo hivyo. Mradi wa maji wa Butimba ulizinduliwa, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, kuongezea chanzo cha zamani cha Kapripoint. Ni neema kubwa kwa mji uliozungukwa na ziwa na ambao akina mama wake wa milimani walikuwa wakipanda mawe na ndoo kichwani. Lakini mita ya maji ni ya mwenye nyumba, na vyumba ni vinane. Bili inagawanywa kwa kukisia, au maji yanauzwa kwa ndoo ndani ya uwanja mmoja. Waziri wa Maji akiulizwa bungeni atajibu kwa lita na kilomita za mabomba, na atakuwa amesema kweli. Habari ya maji yanayoishia kwenye bomba la uani lililofungwa kufuli hayumo katika wizara yake, na katika Wizara ya Ardhi nako hakuna sheria ya kulifikia.

Kwa nini tunashikilia jambo la kuuliza na kujibiwa? Kwa sababu watu wa ziwa wanajua gharama ya jibu lisilofuatiliwa. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara kutoka Bugolora, siku ya gulio, kikiwa kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya mia moja na moja kilichoruhusiwa. Walifariki zaidi ya watu 220, Allaah Awarehemu waliokuwa Waislamu miongoni mwao na Awape subira jamaa wa wote. Mbunge wa Ukerewe wa wakati huo, Joseph Mkundi, alikuwa amekwisha kulieleza Bunge habari za usafiri huo kabla ya msiba. Nyumba ya kupanga si kivuko, na hatusemi ni sawa. Tunachosema ni kwamba neno "Serikali inalifanyia kazi" likishaingia kwenye kumbukumbu za Bunge, Hansard, mara nyingi huhesabiwa kuwa ni kazi yenyewe.

Ng'ambo ya ziwa hilo hilo, Uganda walifanya tofauti. Mswada wao wa wenye nyumba na wapangaji ulipita bungeni mwaka 2019, Rais akaurudisha, ukajadiliwa tena, na mwaka 2022 ukawa sheria. Inataka kodi itajwe kwa shilingi isipokuwa pande mbili zikubaliane vyengine, imeweka ukomo wa asilimia 10 kwa mwaka katika kupandisha kodi, na imemkataza mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila ya amri ya mahakama. Hatuna hakika kuwa ukomo wa asilimia 10 ni busara. Lakini Mwanza na Entebbe wanakunywa maji ya ziwa moja, na hoja kwamba nyumba za uswahilini haziwezi kutungiwa sheria imekwisha kujibiwa huko.

Sasa tuje kwenye swali la mzee: je, sharti la miezi sita ni halali?

Kwa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi wetu, ijara husihi ikiwa manfaa yanajulikana, muda unajulikana na ujira unajulikana. Wanachuoni hutolea dalili kisa cha Nabii Muusa ('alayhis salaam) na mzee wa Madyan kilichomo katika Suuratul-Qaswas, ambapo muda ulitajwa wazi, miaka minane, na ya kutimiza kumi ikawa ni hiari yake. Ujira waweza kulipwa mbele au baadae kwa makubaliano. Kwa hiyo mwenye nyumba akisharutisha miezi sita mbele na mpangaji akaridhia, mkataba ni sahihi, na fedha si haramu kwake. Tunalisema hili wazi kwa sababu baadhi ya vijana wetu wanaandika mitandaoni kuwa ni riba. Si riba.

Lakini fiqhi hiyo hiyo ina upande ambao wenye nyumba hawapendi kuusikia. Nyumba ikiharibika hata isikalike, ijara huvunjika kwa muda uliobaki na kodi ya muda huo hurudishwa. Ikiwa ni kasoro inayopunguza manfaa, kama paa kuvuja, na mwenye nyumba hakuharakisha kuitengeneza, mpangaji ana khiyari ya kuvunja mkataba. Nyumba ikiuzwa katikati ya muda, mnunuzi anaichukua pamoja na mpangaji wake mpaka muda uishe. Mwenye nyumba akifariki, warithi hawana haki ya kumtoa mpangaji aliyelipa. Hili la mwisho tumeulizwa mara nyingi kuliko yote, na mara nyingi mwenye kuuliza ni mrithi. Wanaosoma mirathi kwa makini wasiisahau ijara ya marehemu.

Ama Serikali kupanga kiwango cha kodi, ni mas-ala yenye khilafu. Bei zilipopanda zama za Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aliombwa apange bei akakataa kwa kuchelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Jamhuri ya wanachuoni wakachukua hapo kuwa asili ni kutopanga bei. Ibn Taymiyyah katika maneno yake kuhusu hisba akatafautisha: panapokuwa na dhulma na watu wana dharura ya kitu, kiongozi anaweza kuwalazimisha wauzaji bei ya uadilifu. Sisi hatuhitaji kuamua khilafu hiyo leo, kwa sababu mambo tunayoyataka kwa mpangaji wa Mwanza hayagusi bei. Ukomo wa miezi ya kulipa mbele, stakabadhi, mkataba wa maandishi, notisi kabla ya kutolewa, na mahali pa kushitaki ambapo shauri la laki moja linaamuliwa ndani ya wiki chache: hakuna hata moja kati ya hayo linalomnyang'anya mwenye nyumba haki yake ya kutaja bei. Kuandika mkataba wa deni na muda tumeamrishwa katika Suuratul-Baqarah kabla ya Bunge lolote.

Kwa hiyo, kwa mzee anayempeleka kijana mwaka huu: usimtume fedha dalali kwa simu kabla ya chumba kuonekana na mtu unayemjua. Msikiti ulio karibu na chuo una watu, na imamu akiombwa kwa adabu hukupatia mtu wa kwenda kukitazama. Andikeni karatasi, hata ya daftari, yenye jina la mwenye nyumba mwenyewe na si la dalali, muda, kiasi, nani analipa maji, na kwamba kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU itatolewa kwenye kodi ya pango. Mashahidi wawili. Mjumbe wa mtaa akisaini ni bora zaidi. Jaribuni kuomba miezi mitatu badala ya sita. Wenye nyumba wengi hukubali wakimuona mzazi mwenyewe au wakizungumza naye.

Na kwa wapiga kura: nyumba na ardhi za Bara si mambo ya Muungano, wala Baraza letu la Wawakilishi haliwezi kumuuliza Waziri wa Ardhi wa Dodoma. Lakini majimbo 50 ya Zanzibar yana wabunge katika Bunge la Muungano, na watano zaidi hutoka Baraza la Wawakilishi. Hao wanaweza kuuliza swali lolote kama anavyouliza Mbunge wa Nyamagana au wa Ukerewe. Wengi wao wana watoto au wapwa wanaosoma Bara. Mbunge wako akija msikitini au mazikoni, usimuombe auulizie tena mswada uko wapi, maana jibu lake tunalo. Muombe aulize tarehe, na katika swali la nyongeza aulize kwa nini mpangaji wa Mwanza bado anailipa kodi ya jengo lisilo lake bila ya karatasi ya kumrejeshea.

Wallaahu A'lam.